Kujiona Mzima si Kupona



Himdi zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, tumo katika mwezi wa Shaabani. Kila Shaabani watu hutujia na masuala ya funga, na miongoni mwayo liko moja ambalo kila tukiulizwa twakumbuka kosa letu wenyewe. Leo tumeazimia kulieleza kosa hilo, kwani funzo lililopatikana kwa gharama ya mtu mwingine si haki kulificha.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mama mmoja, mwanafunzi wa darsa letu la akina mama la baada ya Alasiri. Umri wake ulikuwa umepindukia miaka hamsini. Akatuuliza, "Maalim, mimi nina presha. Je, naweza kufunga?" Tukamjibu kama tulivyosomeshwa: mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na ambaye funga haimdhuru, na afunge. Akatushukuru, akenda zake na furaha. Jawabu letu halikuwa na kosa kwa upande wa fiqhi. Kosa lilikuwa katika yale ambayo hatukumuuliza. Hatukumuuliza anameza dawa gani, mara ngapi kwa siku, wala kama amezungumza na daktari wake.

Mama yule alizoea kumeza kidonge chake asubuhi baada ya chai. Ramadhani ilipoingia, chai ya asubuhi iliondoka, na kidonge kikaondoka nayo. Wiki ya kwanza hakuona tofauti yoyote. Kichwa hakikumuuma, akasali Tarawehe, akapika futari ya nyumba nzima, na akasema moyoni kwamba funga imemponya. Siku ya kumi na saba, alipokuwa jikoni akikuna nazi, kifuu kilimponyoka mkononi. Alipotaka kumwita bintiye, ulimi ukawa mzito na maneno hayakutoka sawasawa. Kilikuwa ni kiharusi.

Alhamdulillahi, yu hai hadi leo na darsani huja. Lakini mkono wake wa kushoto haujarudi kama ulivyokuwa, na msahafu wake hushikiwa na mjukuu. Hajatulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuelemea zaidi.

Ni maradhi ya namna gani haya, yasiyomuuma mwenyewe? Moyo husukuma damu ndani ya mishipa, na damu hiyo huzisukuma kuta za mishipa. Msukumo huo ndio unaopimwa kwa ile mashine ya kufunga mkononi, na hutoa nambari mbili: ya juu ni wakati moyo unapopiga, na ya chini ni wakati unapopumzika baina ya pigo na pigo. Kwa kawaida, mtu mzima aliyepimwa zaidi ya siku moja na kuonekana kwamba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana shinikizo la juu la damu. Msukumo huo ukidumu miaka, huidhoofisha mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho. Ni kama moto wa kumvi, unaokula ndani kwa ndani bila ya moshi, na wenye nyumba wamelala.

Wala tusidhani ni maradhi ya wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu, na wengi hawakuwahi kupimwa maishani mwao. Basi katika safu moja ya Swala ya Ijumaa, au katika chumba kimoja cha akina mama kwenye harusi, wamo kadhaa.

Jambo tunalotaka lishikwe leo ni moja, na mengine yote ni matawi yake. Dawa ya presha si kama dawa ya malaria, unayoimeza siku tatu ukapona ukaisahau. Dawa ya presha huzuia, na huzuia kwa muda ule tu ambao imo mwilini. Mtu aliyejifunika mwamvuli hukaa mkavu, lakini hasemi kwamba mvua imekatika. Hali kadhalika, mashine ikionyesha nambari nzuri, hiyo ni kazi ya dawa, si dalili kwamba maradhi yameondoka. Mwenye kuacha vidonge kwa sababu anajiona mzima, amefunga mwamvuli katikati ya mvua.

Hatusemi kwamba dawa haipunguzwi kabisa. Wapo waliopunguza uzani na chumvi, wakatembea kila siku, na daktari akaona dawa ipunguzwe. Lakini aliyeamua ni daktari kwa vipimo, si mgonjwa kwa kujihisi. Tena zipo dawa, kama atenololi, ambazo kuziacha ghafla kwaweza kuushtua moyo wenyewe. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo.

Akina mama wengi hutuambia kwamba waliacha dawa kwa sababu iliwasumbua. Hilo twalielewa, na ni haki yao kulisema, lakini waliseme mbele ya daktari au mfamasia. Amlodipini yaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili yaweza kuleta kikohozi kikavu kisichosikia asali wala tangawizi. Haidroklorothiazaidi humpeleka mtu chooni mara kwa mara. Kila moja ya hizi ina badala yake, na daktari akiambiwa ataibadilisha. Kinachodhuru ni kuiacha kimya kimya, kisha kurudi zahanati baada ya miezi mitatu na kusema, "Nameza kila siku." Daktari akisadiki, atakuongezea dawa usiyoihitaji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeficha kwamba hamezi dawa ni katika hao.

Kuna dhara moja lisilongoja miadi. Anayemeza enalaprili au dawa za jamii yake akivimba midomo, ulimi au uso, asimeze nyingine, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani uvimbe huo waweza kuziba njia ya pumzi.

Sasa tuje kwenye adabu za kumeza dawa hii, kama vile ambavyo kila ibada ina adabu zake.

Ya kwanza ni wakati. Ifungamanishe na jambo usilolisahau, kama Swala fulani. Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku hiyo hiyo, kimeze. Ikiwa wakati wa kidonge kinachofuata umekaribia, achana na kilichopita na uendelee na utaratibu wako. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia, kwani presha yaweza kushuka ghafla ukaanguka. Kulipa kadha ni katika Swala na Saumu. Katika vidonge hakuna kadha.

Ya pili ni jina. Watoto wetu walio Uarabuni hutuma dawa nyumbani kwa mapenzi yao, Allah awalipe kheri. Lakini pakiti moja ina majina mawili: jina kubwa la kampuni, na jina dogo la dawa yenyewe. Norvasc, kwa mfano, ndani yake ni amlodipini ile ile itolewayo hapa. Mama akimeza ya hapa asubuhi na ya kutoka ng'ambo usiku, akidhani ni dawa mbili, amejizidishia kipimo. Kabla ya kufungua pakiti mpya, mwite kijana asomaye alinganishe majina madogo, au mpelekee mfamasia zote mbili.

Ya tatu ni kutoazimana. Ujirani wetu wa pwani ni wa kugawana chumvi na makaa, na ni sifa njema. Dawa ya presha haimo katika hayo. Kidonge kinachomfaa shangazi chaweza kumdhuru jirani mwenye pumu, au mwenye figo dhaifu, au mwenye mimba.

Na hapa tunawaomba mabinti zetu watusikilize kwa makini. Enalaprili na losartani, na dawa za jamii zao, hazifai kwa mja mzito, kwani zaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa figo zake. Mwenye kuzimeza na akatambua kwamba amepata mimba, au anatarajia kuipata, amwone daktari upesi bila kungoja miadi, abadilishiwe. Zipo dawa nyingine zilizozoeleka kwa waja wazito, kama methildopa na nifedipini. Lakini asikae tu bila ya dawa, kwa sababu presha katika mimba ni hatari kwa mama na mtoto pia.

Ya nne ni vitu vinavyogombana na dawa. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wengi wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti na mgongo, huweza kupandisha presha na kuzichosha figo, hasa kwa mwenye kumeza enalaprili au losartani pamoja na dawa ya mkojo. Kwa wengi parasetamoli ni nafuu zaidi, lakini uliza. Balungi huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa hizi, kama nifedipini. Chumvi mbadala zenye potasiamu hazifai kwa anayemeza enalaprili au losartani mpaka daktari aridhie, na mwenye figo dhaifu aulize hata kuhusu madafu.

Ama habasoda, kitunguu thomu na majani ya mwarobaini, hatuwakatazi watu vyakula na dawa za wazee wao. Tunachosema ni kwamba visishike nafasi ya kidonge, na kwamba daktari aambiwe yote unayotumia, kwani baadhi ya mitishamba nayo hushusha presha au huingiliana na dawa.

Ya tano ni kuinuka taratibu. Dawa hizi zaweza kumfanya mtu aone kizunguzungu anaposimama ghafla. Ukiamshwa na adhana ya Alfajiri, keti kitandani kidogo, kisha simama. Mwenye kizunguzungu katika kuinuka kutoka sijida ashike kitu, au asali kwa kuketi. Dini yetu ina wasaa.

Ya sita ni hifadhi. Joto na unyevu wa pwani huharibu vidonge. Viweke ndani ya pakiti yake, mahali pakavu pasipo jua, mbali na jiko na choo, na juu ambapo mkono wa mjukuu haufiki, kwa sababu kidonge kimoja chaweza kumdhuru mtoto mdogo. Vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole visivunjwe wala kusagwa. Na dawa inunuliwe katika famasia yenye kibali, si kwa mchuuzi.

Baada ya hayo, turudi kwenye suala la yule mama, na safari hii tulijibu kama tulivyopaswa kulijibu.

Mwenye presha anayetaka kufunga aende kwa daktari sasa, katika Shaabani, achukue pakiti zake zote, na aulize mambo matatu: Je, hali yangu inaniruhusu kufunga? Dawa yangu itahamishiwa saa ngapi? Na ni dalili gani zikitokea nifungue? Dawa ya mara moja kwa siku aghalabu huweza kuhamishiwa wakati wa futari au wa daku. Ya mara mbili au tatu, daktari huenda akaibadilisha kwa ile ya mara moja. Dawa ya mkojo yahitaji uangalifu zaidi, kwani joto letu pamoja na kiu ya mchana huenda vikaukausha mwili. Saa na kipimo chake daktari ndiye ataamua. Huko ndiko kupanga, na kupanga ni sehemu ya nia.

Kwa upande wa fiqhi, kumeza kidonge mchana kunabatilisha funga. Kupimwa presha kwa mashine ya mkononi hakubatilishi, basi usingoje Maghribi kujipima. Unapojipima, keti kwa utulivu dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelingana na moyo, na usiwe umetoka kunywa kahawa chungu au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita.

Daktari mwaminifu akisema funga itakudhuru, ruhusa ya kula imo katika Qur'ani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara. Mwenye kutarajia kupona atalipa siku nyingine. Mwenye maradhi ya kudumu ambaye hatarajii kuweza tena, atalisha maskini mmoja kwa kila siku. Tumewaona akina mama wakilia kwa kunyimwa Saumu, na machozi yao ni ya imani. Lakini twawaambia: aliyeifaradhisha Saumu ndiye aliyeiweka ruhusa, na kuipokea zawadi ya Mola ni utiifu vile vile.

Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukilegea, maneno yakikorogeka, kifua kikibana, au kichwa kikiuma kwa ghafla na kwa ukali usio wa kawaida, funga imekwisha na safari ya hospitali imeanza. Msimngoje mwadhini, wala msingoje mume arudi kazini. Mwenye dalili za kiharusi asipewe maji, tende wala vidonge vya ziada mdomoni, kwa sababu huenda koo halimezi sawasawa. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, kwani madaktari wataiuliza, na matibabu yao hutegemea saa hiyo.

Na futari nayo tuitazame. Kidonge hakiwezi kupigana peke yake na sinia la sambusa, achari, ng'onda na mchuzi uliotiwa vidonge vya kiungo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa ile iliyojificha katika vyakula vya dukani. Mpishi wa nyumba akipunguza mkono wa chumvi kidogo kidogo, ulimi wa nyumba nzima utazoea.

Tuna neno pia kwa akina baba na vijana. Wapo mama zetu wanaokata kidonge nusu ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, na hawasemi, kwa kuona haya ya kuwaomba watoto. Nusu ya kipimo si nusu ya usalama. Kila mwezi, kabla ya kuuliza nguo za Idi, ulizeni: "Mama, dawa zimebaki ngapi?" Na mama naye akiona bei imemshinda, amwambie daktari waziwazi, kwani aghalabu ipo ya bei nafuu yenye kufanya kazi hiyo hiyo.

Wako pia wanaotuletea sahani tuwaandikie kombe, nasi twaomba nao dua kwa moyo wote. Lakini dua na kidonge haviteti. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Tirmidhi, alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza kisha amtegemee Allah. Kumeza dawa kwa wakati wake ndiko kumfunga ngamia. Mwili ni amana tuliyokabidhiwa, na tutaulizwa jinsi tulivyoitunza.

Siku hizi, akija mwenye presha kutuuliza kuhusu Saumu, hatumjibu mpaka atuonyeshe pakiti zake na atuambie daktari wake amesema nini. Wengine hutuona tumekuwa wagumu. Yule mama wetu, anapokuwapo darsani, ndiye anayewajibu kabla yetu. Huuinua ule mkono wake wa kushoto kwa msaada wa mkono wa kulia, akawaambia, "Nendeni mkaulize, wanangu. Mimi nilijiona mzima."

Twamuomba Allah awaafu wagonjwa wetu, atufikishe Ramadhani sote tukiwa katika siha na afya, na atusamehe makosa ya ndimi zetu na ya yale tuliyonyamazia. Wabillahi tawfiq.